Biashara ya Kesho Haimlishi Mtu Leo

Wako maadui watatu ambao kila mwanachama na kila mfanyakazi amezoea kuwasikia wakitajwa: umaskini, ujinga na maradhi. Lakini yuko na wa nne, mpole wa sauti na asiye na silaha, ambaye huwafungulia mlango wenzake hao usiku na mchana. Jina lake ni Kesho. Leo twataka kumsema adui huyu waziwazi, na twataka kumsemea Haydom, katika Wilaya ya Mbulu. Si kwamba watu wa huko ni wavivu kuliko wengine, la hasha! Twaichagua Haydom kwa kuwa mji ule mdogo watuonyesha wazi, kama kitu kilichowekwa juani, ni mali ngapi hupotea watu wenye akili na nguvu wanapokaa wakingoja siku njema ya kuanza biashara.

Asiyepafahamu Haydom na ajue kwamba hapo ndipo makabila mengi ya nchi ile hukutana. Wairaqw wakulima huja na mahindi, maharage na alizeti. Wadatoga huja na ng'ombe, mbuzi na ngozi. Wanyiramba hutoka upande wa Singida. Na kaskazini, katika Bonde la Yaeda, wako Wahadzabe, ambao asali yao hutafutwa na majirani wote. Juu ya hayo, pana hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo leo ina vitanda zaidi ya 400. Wagonjwa huletwa kutoka mbali, wengine wakitoka nje ya mkoa, na mgonjwa wa kwetu hapelekwi hospitali peke yake. Hufuatana na mama, au mke, au ndugu, naye huyo ndugu ahitaji uji asubuhi, ahitaji beseni, sabuni, kanga ya kufunika, mahali pa kulaza ubavu, na chai ya moto usiku wa baridi.

Sasa tuulize: mahali penye haja nyingi namna hiyo, kila siku iliyoumbwa na Mungu, pangekuwa na vijana wangapi wenye kazi? Walioanza wapo, nao twawasifu: akina mama wa uji na maandazi, mafundi cherehani, wauza mitumba, waendesha bodaboda. Lakini kwa kila mmoja aliyeanza, wako wengi ambao wamekuwa "wakitaka kuanza" tangu mavuno ya mwaka juzi. Mmoja ataka kufungua kinyozi, ila angoja apate kioo kikubwa. Wa pili ataka kukamua alizeti, ila angoja mashine. Wa tatu ataka kuuza kuku, ila atafuta kwanza banda la bati. Siku ya mnada yapita, na ya pili yapita, nao wamesimama palepale kando ya njia wakiwatazama wengine wakihesabu fedha.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Kijana huyohuyo, shambani kwake, si mtu wa kungoja kabisa. Mkulima wa Mbulu haiambii mvua ingoje. Mvua za kwanza zikianguka mwezi wa Novemba au Desemba, hutoka na jembe lake alfajiri, na kama mbegu aliyo nayo haitoshi shamba zima, hupanda robo ya shamba kwanza, na iliyobaki huitafuta baadaye. Hasemi, "Nitapanda mwakani nitakapokuwa na magunia matatu ya mbegu." Angesema hivyo, jirani zake wangemcheka, na watoto wake wangelala na njaa. Mbona basi akija sokoni huisahau hekima ya shamba lake mwenyewe?

Wako wanaojibu upesi kwamba ni uvivu tu. Sisi hatukubali. Anayeita kila kuchelewa uvivu hajapata kukaa na mtu mwenye ng'ombe mmoja. Ng'ombe yule ndiye benki, ndiye mahari, ndiye karo ya shule, ndiye fedha ya hospitali mtoto akiugua. Mwenye ng'ombe mmoja akisitasita kumwuza ili aanzishe duka, kusita kwake kuna akili ndani yake. Anajua kwamba tajiri akipoteza mtaji huhuzunika, lakini maskini akiupoteza huangamia. Basi dawa yake si kumtukana wala kumwambia auze ng'ombe. Dawa ni kumwonyesha namna ya kuanza ambayo hata akishindwa, ng'ombe bado yuko zizini.

Tena hofu hii ina historia, wala haifai tujifanye hatuikumbuki. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, na maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi yake, kisha watu wakaona jinsi bidhaa zilivyoadimika. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, na mtu mwenye sinia la karanga mjini akaweza kukamatwa kama mzururaji. Mzee aliyeyaona hayo humwonya mjukuu wake, na maonyo ya wazee hayafutiki upesi. Lakini yafaa tuseme kweli nzima: siku zile zimepita. Leo mwenye genge hakamatwi kwa sababu ya kuwa na genge. Hofu iliyokuwa na haki yake wakati ule, leo imebaki kama kovu: laonekana, lakini haliumi tena. Tusilifanye kuwa kidonda kipya.

Tuzitazame basi sababu zinazotolewa, moja baada ya moja.

Sababu ya kwanza ni mtaji. "Sina mtaji," husema kijana, kisha hukaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo, kwa kuwa fedha ni tunda la juhudi na maarifa. Azimio lilikuwa likisema habari za taifa zima, lakini neno lile lamfaa pia mtu mmoja na sufuria yake. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme mama mmoja ana chupa mbili za chai, sufuria na vikombe vya nyumbani kwake. Anapika uji na kuuza vikombe 24 kwa siku, kila kikombe shilingi 500. Amepata shilingi 12,000. Unga, sukari na kuni vimekula shilingi 8,000, zimebaki 4,000. Akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, zimebaki shilingi 100,000. Kwa mwaka, shilingi 1,200,000. Sasa mwenzake, mwenye chupa na sufuria kama zake, amengoja mwaka mzima ili apate fedha za kujenga mgahawa. Huyo wa pili hudhani kwamba hakupoteza kitu, kwa kuwa hakutoa kitu mfukoni. Kumbe amepoteza shilingi 1,200,000, na zaidi ya hizo amepoteza maarifa ya mwaka mmoja: hajui wateja wapenda uji wa namna gani, hajui saa wanayokuja, hajui nani hulipa na nani hukopa akapotea. Kungoja nako kuna gharama, ila stakabadhi yake haiandikwi.

Sababu ya pili ni barabara. "Lami ikifika," wasema, "ndipo nitakapofungua." Ni kweli, Haydom imeingojea lami kwa miaka mingi, na ni haki ya wananchi kuidai. Njia ile ya kutoka Karatu, kupita Mbulu na Haydom, kuvuka Daraja la Sibiti mpaka upande wa Maswa, ni njia kubwa yenye faida kwa mikoa kadha, na sisi twaungana na wote wanaotaka kazi hiyo ifanywe upesi. Lakini tumkumbushe mwenye kungoja: siku lami itakapofika, haitafika peke yake. Juu yake yatapita magari ya wafanyabiashara wa Arusha na Singida wenye mitaji na uzoefu, nao hawatauliza ni nani aliyekuwa akipanga kufungua duka pale. Atakayefaidika na lami ni yule atakayekutwa na wateja wake, daftari lake na jina lake jema. Anayengoja lami ili aanze atakuwa amengoja kuja kwa washindani wake. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Sababu ya tatu yawahusu wafanyakazi wenzetu, na hapa twaomba watuvumilie, maana twasema kwa upendo. Mwalimu, muuguzi, karani na dereva wengi wana biashara tamu sana, nayo iko katika siku ya kustaafu. "Nikipata mafao yangu," husema, "nitafungua duka la dawa za mifugo, nitanunua mashine ya kusaga." Kwa miaka 30 biashara hiyo yastawi kichwani bila kuona jua. Kisha siku yaja: mtu ana miaka 60, nguvu zimepungua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ashika fedha nyingi kwa mkupuo, azitia zote katika kazi ambayo hajapata kuijaribu hata siku moja. Tumewaona wangapi waliopoteza jasho la maisha yao yote kabla ya mwaka kwisha? Na mwaka 2018, kilipotangazwa kikokotoo kipya cha mafao, nchi nzima iliona jinsi hesabu ya miaka mingi iwezavyo kutikiswa kwa tangazo la siku moja. Twasema hivi: ikiwa kazi yako haikukatazi, jaribu leo kwa kidogo. Anza na kuku kumi sasa, ufundishwe na kuku kumi. Ukikosea utapoteza kuku kumi, nawe bado una mshahara. Ukikosea mara ya kwanza ukiwa mstaafu, utapoteza uzee wako.

Sababu ya nne haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo yenye nguvu kuliko zote: ni haya. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, au aliyerudi kutoka chuoni, aona aibu kukaa nyuma ya jiko la mkaa, jirani akipita na kusema, "Ndiyo elimu uliyosomea hiyo?" Sisi twamwambia kijana huyo kwamba jirani yule hatamlipia karo mdogo wake. Aibu ni kuomba na hali una mikono miwili. Kuuza chapati si aibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Upande wa Ziwa Eyasi wahunzi wa Kidatoga huokota vyuma chakavu, huviyeyusha na kuvifua kuwa bangili na ncha za mishale, na ncha zile Wahadzabe huzipata kwa kubadilishana na asali. Mhunzi yule hakungoja kiwanda kijengwe. Alitazama kilichokuwapo chini ya miguu yake, akakitia motoni.

Wako watakaosema kwamba mambo madogo huzaa madogo tu. Na tuwakumbushe yaliyotokea Usukumani. Baada ya vita kuu ya pili, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilia juu ya mizani ya wanunuzi, kwani mzigo ukiondoka nyumbani mzito hufika kwa mnunuzi mwepesi. Hawakuwa na viwanda vya kuchambua pamba, wala hawakuwa na mamilioni. Paul Bomani na wenzake hawakusema, "Tungoje tuwe na kiwanda." Walianza na jambo dogo sana, nalo ni kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito. Kutoka mizani wakaja kwenye vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Lau wangengoja kiwanda, wasingepata hata mizani.

Twajua tutajibiwa kwa methali: haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni ya kweli, wala hatuipingi. Lakini yamkataza mtu kufanya pupa. Haimwamrishi kukaa kitako. Kujiandaa na kuahirisha ni vitu viwili, na kuvitenga si vigumu. Mwenye kujiandaa, ukimwuliza jioni umefanya nini leo, atakuonyesha kitu: ameuliza bei ya gunia, amehesabu watu wanaopita njia panda, ameokota mbao za meza. Mwenye kuahirisha atakupa maneno mapya tu. Na kama wazee walitufundisha methali ile, walitufundisha pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho.

Afanyeje basi mtu aliyekwisha kukubali? Kwanza, achague kitu ambacho watu wanakihitaji tayari mbele ya macho yake, asikwende kuota kitu cha Dar es Salaam. Pili, ajiwekee siku yenye jina. Asiseme "hivi karibuni"; aseme "mnada ujao", kisha amwambie mkewe au mumewe na rafiki mmoja mkali, ili asipoanza apate wa kumwuliza. Tatu, atenge fedha ambazo akizipoteza nyumba haitalala njaa, na asizidishe hata senti. Nne, awe na daftari, aandike kilichoingia na kilichotoka kila jioni, na fedha ya biashara asiichanganye na fedha ya mboga. Tano, ajifunze kuwakatalia ndugu kwa adabu. Shangazi akitaka sukari kwa mkopo, mpe zawadi ndogo kutoka mfukoni mwako, lakini usimpe mali ya duka. Duka si la ukoo.

Na kuhusu serikali, asiogope mlango ambao hajaubisha. Namba ya mlipa kodi hutolewa bure. Mwenye biashara ndogo ambayo mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hatozwi kodi ya mapato juu ya mauzo hayo. Yule mama wa uji katika hesabu yetu, ambaye mauzo yake yote ni shilingi 3,600,000, yumo katika kundi hilo. Tena sheria yaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili taratibu zake zirekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Ila tusidanganyane: mkopo ni maji ya kumwagilia mche uliokwisha kuota. Asiyepanda kitu, akimwagiwa maji atapata tope.

Hatutakuwa waadilifu tukimsema mwananchi tukawaacha wenye kalamu. Ugonjwa wa Kesho haukai sokoni tu. Una viti vyake maofisini. Mama ametembea tangu usiku kufuata leseni au sahihi ya barua ya kikundi, naye aambiwa, "Mhusika hayupo, njoo kesho." Kesho yake aambiwa aje Jumatatu. Mtumishi anayesema hivyo bila sababu hajui kwamba amefunga duka ambalo halijafunguliwa. Twamwuliza: ikiwa mshahara wako ungeambiwa uje kesho, na kesho uambiwe uje Jumatatu, ungesemaje? Viongozi wa matawi na wa vijiji wana kazi hapa. Wajue majina ya walioomba, waulize yamekwamia wapi, na kabla ya kuwahubiria vijana juu ya kujitegemea, wahakikishe kwamba wao wenyewe si jiwe lililo njiani.

Ndugu wasomaji, mahali penye hospitali kubwa, penye mnada, penye chuo cha wauguzi na mashamba pande zote, biashara haihitaji kubuniwa, yahitaji kuanzwa. Si kila atakayeanza atafanikiwa, nasi hatumwahidi mtu yeyote utajiri. Wengine watauza uji mwezi mmoja wakaona haulipi, wakahamia maharage. Hao hawakushindwa, wamenunua maarifa kwa bei rahisi. Aliyeshindwa kweli ni yule ambaye miaka kumi kutoka sasa atakaa chini ya mti uleule, akimwonyesha mwanawe kibanda cha jirani na kusema, "Wazo hilo lilikuwa langu."

Mvua haitungoji mtu. Mwenye mbegu kiganja kimoja na apande kiganja kimoja, na apande leo.